Siku Mabonde Yalipolaza Ndoo

Uamuzi ulitokea kwenye kioo asubuhi, kabla Subilaga hajafika nusu ya chai yake, na ulikuwa na rangi ileile ya kijani ambayo Jedwali, mashine ya maamuzi, huitumia kwa kila habari, iwe ya harusi au ya msiba.

BONDE LA MWISHO: ISONGWA. ONDOA TANGI. LORI LIMETUMWA. WEKA KIDOLE.

Kikombe kilibaki hewani. Alisoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli na anaomba asilione. Isongwa. Bonde alikozaliwa baba yake. Bonde ambalo mlima ulimeguka juu yake masika haya, ukashuka usiku na nyumba za watu, na mpaka leo wanachimba.

Kazi ya Subilaga katika Ushirika wa Maziwa ilikuwa kidole. Alikwenda chuo, akajifunza fomula na takwimu, akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, akapewa kiti, kioo na kibati kidogo cha kubonyezea. Sheria ya Majedwali ilisema hakuna mashine itakayoamua juu ya riziki ya watu bila kidole cha binadamu. Wabunge walipiga makofi siku ile. Hawakusoma mstari wa chini: msaini asipobonyeza hadi saa sita mchana, kimya chake kitahesabiwa kuwa ndiyo.

Na akitaka kupinga? Ruksa kabisa. Kulikuwa na kisanduku cha kupinga. Ila kisanduku hicho kilipokea tarakimu tu. Zamani palikuwa na safu ya maelezo, mtu aliweza kuandika kwamba barabara imekatika, ng'ombe wana homa, mpokeaji wa maziwa kajifungua. Mtaalamu mmoja alikuja na koti lake, akakaa siku mbili hotelini, akasema maelezo yanachelewesha maamuzi. Safu ikafutwa. Tangu hapo, ukiwa na jambo la kusema, lazima liwe na lita.

Alifungua mstari wa Isongwa. Visanduku vilikuwa vitupu toka mwanzo wa awamu hadi jana yake. Vitupu, si sifuri. Lakini Jedwali halijui kitupu. Likikutana na kisanduku kitupu linajaza sifuri lenyewe, linaendelea na safari.

Kila mtu wa mabonde yale sita anajua kwa nini mpokeaji wa Isongwa hakuandika. Pakiwa na msiba, maziwa ya majirani huenda nyumbani kwa wafiwa, ndoo hulazwa ubavu mlangoni, na mpokeaji hapimi. Hapimi, na wala haandiki sifuri. Kumwandikia mfiwa sifuri ni kumwambia nyumba yako imekwisha. Ni tusi ambalo watu wamewahi kulipigania kwa mapanga. Kwa hiyo mpokeaji huacha patupu, na patupu pale panasema: hapa pana watu, ila leo wanalia.

Lori lilikuwa limeshaondoka gereji. Nukta nyekundu ilikuwa ikipanda kwenye ramani, bila dereva, bila wa kumsimamisha na kumwambia, shemeji, ngoja kwanza.

*

"Nimeuona," alisema Meneja Kaduma, hata kabla hajafunga mlango. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuomba radhi, mgeni wa wilaya ile, lakini si mjinga na si mwizi. Hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupigana naye. "Nimeuona, Subi. Na najua shangazi yako yuko kule. Pole."

"Si suala la shangazi, meneja. Wana matanga. Jedwali linadhani wamekufa."

"Najua wana matanga."

"Unajua?"

"Nilipeleka rambirambi mimi mwenyewe, mchele na sukari." Alivuta kiti. "Sasa niambie nifanye nini. Nikiambia Jedwali lisihesabu vitupu, wiki ijayo kila bonde lenye maziwa haba litaacha patupu. Watakufa mashangazi wasiozaliwa. Wewe unawajua watu hawa kuliko mimi."

Subilaga aliwajua kweli.

"Na kabla ya Jedwali palikuwa na nini?" Kaduma aliendelea. "Si mlinisimulia wenyewe? Mwenyekiti aliyempa shemeji yake matangi matatu? Karani aliyepima kwa ndoo yenye kitako cha pili? Jedwali halina shemeji, Subi. Miaka yote hii halijaiba kikombe kimoja."

Ni kweli, na ukweli huo uliuma. Bibi za mabonde yale walipimiwa kahawa kwenye mizani iliyofichiwa jiwe. Mama zao walipimiwa maziwa na yule karani wa kitako cha pili. Kila kizazi kililetewa chombo kipya kikaambiwa hiki sasa ndicho cha haki, na kila kizazi kikashukuru, maana kweli kilikuwa afadhali ya kile kilichopita. Jedwali halikuiba. Lilifanya kitu kingine ambacho karani mwizi hakuwahi kukithubutu: liliweka sheria kwamba kila awamu lazima bonde moja liwe la mwisho, na la mwisho linyang'anywe tangi, ili waliobaki wakaze mwendo. Hata mabonde yote yangejaa maziwa mpaka barabarani, moja lingekuwa la mwisho. Karani mwizi alikuwa na siku za kushiba. Hili halishibi.

"Bila tangi la baridi, maziwa yanaganda kabla ya kufika barabarani," Subilaga alisema. "Watauza ng'ombe. Halafu watauza mashamba. Hata wafu wao watabaki humo kwenye tope bila mtu wa kuwachimba."

"Basi pinga. Kisanduku kipo."

"Niandike nini?"

Kaduma aliinuka, akatazama dirishani, akimpa Subilaga mgongo. "Mimi sitaona utakachoandika," alisema taratibu, akatoka.

*

Kwa hiyo meneja naye alikuwa na huruma. Huruma ya kugeuza mgongo, lakini huruma.

Subilaga aliandika mia tatu na ishirini. Lita za uongo, za ng'ombe waliokuwa chini ya mlima. Hakubonyeza. Aliacha Jedwali limwonyeshe kwanza, kwa wino wa kivuli, matokeo yangekuwaje.

Isongwa ilipanda. Mistari ikajipanga upya, na chini kabisa likaingia jina jingine.

BONDE LA MWISHO: LUPANDO.

Hivyo tu. Lori lingekunja kushoto darajani badala ya kulia. Lupando kulikuwa na watu vilevile, na watoto na ng'ombe, na hawakuwa na kosa lolote isipokuwa majani ya kwao mwaka huu yalichelewa. Mchana huohuo wangekuta tangi lao linapandishwa kwenye lori, na wasingejua kamwe kwamba mwanamke mmoja mjini, mwenye shangazi bonde jingine, alikuwa ameandika tarakimu.

Aliitazama ile mia tatu na ishirini mpaka macho yakamuuma. Kisha akapiga simu Isongwa.

Shangazi Atupakisye ndiye aliyekuwa mpokeaji wa kule. Alipokea akihema, nyuma yake zilisikika sauti za majembe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Sema haraka, nimeshika toroli."

Subilaga alimweleza yote. Lori, saa sita, kisanduku. Alipofika kwenye mia tatu na ishirini sauti ya majembe ilikuwa imenyamaza. Huenda shangazi alikuwa amewaashiria waache.

"Umeandika?"

"Sijabonyeza. Nataka uniambie ni tarakimu gani itakayofanana na kweli."

"Kweli?" Shangazi alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Jana tumempata Tumpe, mtoto wa mwalimu. Alikuwa amekumbatia mbuzi. Bado watatu. Kila tukimpata mmoja matanga yanaanza upya, nawe unataka nikutajie lita? Sasa niambie. Sisi tukitoka, anaingia nani?"

"Lupando."

"Hao walioleta majembe?"

"Majembe gani, shangazi?"

"Haya uliyokuwa unayasikia. Wanakuja usiku kwa miguu, wanachimba, alfajiri wanarudi kukamua ng'ombe zao ili Jedwali lako lisiwakose kwenye mstari. Walimtoa mume wa Anyitike kwa mikono yao. Na wewe unataka uwalipe kwa kunyang'anya tangi lao, halafu mimi nikanywe chai kwa amani?" Sauti ilikuwa imepanda. "Futa hicho kitu, Subilaga. Nasema futa! Usiniandikie maziwa ya wizi juu ya kaburi."

Alifuta.

"Zamani," shangazi alisema, sasa kwa upole, kama mtu anayeongea peke yake, "bonde moja likipata msiba kama huu, mabonde yote yalilaza ndoo. Asubuhi moja tu. Hakuna aliyekamua kwa ajili ya kuuza. Siku alipokufa baba yako, daraja lilijaa ndoo za Lupando zimelala ubavu, huwezi kupita. Mliacha lini?"

Subilaga alijua lini. Mwaka ule Jedwali lilipokuja. Bonde la kwanza kulaza ndoo kwa ajili ya jirani lilikuwa la mwisho awamu ile, na tangi lake likabebwa. Halikurudia. Wala wengine hawakurudia.

"Ndaga, mwanangu," shangazi alisema, na shukrani ile ilikuwa pia kwaheri. "Lori likija, litatukuta tunachimba."

*

Hapa ni lazima fomula ielezwe, na ni fupi. Jedwali huchukua lita za bonde, likazigawanya kwa jumla ya lita za mabonde yote. Hilo ndilo fungu la bonde. Mwenye fungu dogo kuliko wote hupoteza tangi. Uamuzi hutolewa asubuhi kwa maziwa ya siku zilizopita, lakini hufungwa saa sita kwa maziwa ya siku ileile pekee, ambayo wapokeaji huyaandika kuanzia saa nne.

Basi ikiwa bonde moja tu litaandika, na mengine matano yawe matupu, bonde hilo linachukua fungu lote. Matano yaliyobaki yanafungana mkiani, kila moja na sifuri yake, na matangi matano yanabebwa.

Lakini asipoandika hata mmoja, jumla ni sifuri. Na hakuna hesabu duniani, ya ng'ombe wala ya serikali, inayoweza kugawanya kwa sifuri.

Subilaga aliliona jambo hilo akiwa ameshika simu iliyokwisha kukatika, na likamtisha kuliko lori. Wote au hakuna. Akikosea kwa mtu mmoja, hatakuwa ameua bonde moja; atakuwa ameua matano.

Saa tatu na nusu alianza kupiga simu.

Wa kwanza alidhani ni utani. Wa pili alilia. Wa tatu alimtukania mama, kisha akapiga mwenyewe baadaye kidogo na kusema, "Dada, samahani. Nimewaambia watu. Wanasema wamechoka kuona aibu wakipita Isongwa." Wa nne alikuwa tayari ameshapima, akasema atamimina yote kwenye debe na kuyapeleka msibani kwa pikipiki.

Lupando alimwacha mwisho. Mpokeaji wa kule aliitwa Gwakisa, mwanamume wa maneno machache aliyeoa bondeni mle na kujenga jirani na wakwe.

"Kaka Gwakisa, nina mambo mawili. La kwanza: leo asubuhi niliandika tarakimu ya uongo ambayo ingebeba tangi lenu. Nimeifuta."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu la pili ni kukuomba, na sitaki uniamini bure."

Alimweleza.

"Kwa hiyo wote wakilaza," Gwakisa alisema, "na mimi nikaandika, Lupando tunabaki na tangi peke yetu."

"Ndiyo."

"Na maziwa yote ya wilaya yatapitia kwetu."

"Ndiyo."

"Na nikilaza mimi, akaandika mwingine, nimekwisha."

"Ndiyo, kaka."

"Unaomba kitu kikubwa, dada, kwa mtu anayekaa ofisini." Akakata.

*

Saa nne zilipita. Saa tano zikaingia. Kaduma alirudi, akasimama nyuma ya kiti chake, akaona visanduku vyote sita havina kitu, na alikuwa na akili ya kutosha kuelewa mara moja.

"Subilaga. Umefanya nini?"

"Sijaandika uongo wowote, meneja. Kila kisanduku hapo ni kweli tupu."

"Hospitali ya mjini inasubiri maziwa! Shule zinasubiri! Umewaomba watu maskini wacheze kamari na matangi yao!" Haikuwa hasira ya bosi. Ilikuwa hofu, na ndani yake mlikuwa na haki kidogo, na Subilaga aliisikia haki ile ikimchoma. Watoto wa shule wangekosa maziwa leo. Na aliyesababisha ni yeye.

Kaduma alichukua simu, akampigia Gwakisa, ambaye bonde lake lilikuwa karibu na mkia, akaweka sauti wazi. Hakutisha wala hakuahidi. "Bwana Gwakisa, hapa meneja. Ulichopima leo, kiandike. Basi. Mtu asikufundishe kuficha ulichopima."

"Ndiyo, meneja," sauti ilijibu.

Na mbele ya macho yao kisanduku cha Lupando kikajaa. Mia mbili na kumi.

Jedwali halikusita. Mistari ikaruka. LUPANDO: FUNGU LOTE. MABONDE YA MWISHO: MATANO. ONDOA MATANGI. Gereji ikaamka, nukta nyekundu nne mpya zikatoka, moja moja, zikaelekea milimani. Nukta ya kwanza ilikuwa imebakiza kona mbili kufika darajani.

Kaduma alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo. "Sikutaka matano," alinong'ona. "Nilitaka moja tu."

"Pinga basi," Subilaga alisema. Hakujua sauti ile ya baridi ameitoa wapi. "Kisanduku kipo. Andika namba."

Kaduma aliweka mkono juu ya tarakimu. Alifungua mdomo. Aliandika moja, akaifuta. Akaandika mia, akaifuta. Kila alichoandika, bonde fulani lilishuka chini ya jingine. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Wana msiba," alikiambia kioo, kwa nguvu, mtu mzima na digrii zake. "Wana msiba, we!" Kioo kilisubiri lita.

Saa sita kasoro dakika chache. Simu ya Subilaga ikalia. Gwakisa.

"Dada." Alikuwa anahema. "Niliandika ya wale waliowahi. Kweli niliandika, sitakuficha. Nikasema ngoja nitoke niwaite wengine walete. Sasa siwezi kutoka."

"Umefungiwa?"

"Mama mkwe wangu kalaza ndoo mlangoni kwangu. Kaketi hapohapo, kanipa mgongo. Na nyuma yake wote, hadi barabarani, ndoo zimelala. Hamna anayeongea. Mke wangu naye yuko huko. Mimi mwanaume, nitaruka ndoo ya mama mkwe nipite wapi?"

"Kaka Gwakisa, nakuomba. Futa."

"Meneja yupo hapo?"

Subilaga alimgeukia Kaduma. Uso wa mtu yule ulikuwa umezeeka ndani ya asubuhi moja. Alikaribia simu.

"Nipo, bwana Gwakisa."

"Uliniambia niandike nilichopima. Haya, sasa nimepima. Hakuna maziwa Lupando leo. Kuna msiba. Niandikeje hilo?"

Kaduma alifumba macho. "Acha patupu," alisema.

Mia mbili na kumi ilitoweka.

Jedwali lilijaribu. Lilivuta jumla, likapata sifuri, likaenda kugawanya. Rangi ya kijani ilitetemeka, ikaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu lifungwe ukutani kioo kile kilikuwa cheupe, na katikati yake maneno machache:

HAKUNA CHA KUGAWANYA. AMRI ZOTE ZIMESITISHWA. WEKA KIDOLE KUTHIBITISHA.

"Watakufukuza," Kaduma alisema. "Makao makuu watafika kabla ya jioni. Watarekebisha fomula. Watafunga hili tundu."

"Watafunga. Lakini kwanza itabidi watuulize ilikuwaje, nasi tutawajibu kwa mdomo."

"Nami watanifukuza."

"Na wewe pia, meneja."

Akafikiri. Kisha, kwa namna ya ajabu, akacheka kidogo, akasogeza kiti chake karibu na cha Subilaga kama watu wawili wanaosubiri chakula msibani. Subilaga aliweka kidole kwenye kibati. Miaka yote ile alikuwa amebonyeza bila kusikia chochote. Leo alisikia baridi ya bati.

Simu ilipolia tena, ilikuwa Isongwa. Majembe yalikuwa yakiendelea.

"Limefika," alisema shangazi Atupakisye. "Lori lako. Limesimama katikati ya daraja, limewasha taa mchana kweupe, halisogei. Watu wa mabonde wanalizunguka na ndoo zao, wanakuja. Wanakuja wengi, Subi, sijui nitawaweka wapi."

"Na lori, shangazi? Mmelifanya nini?"

"Tungelifanya nini? Aliyefika msibani hawezi kukaa bila kunywa kitu. Nimelimwagia kikombe kimoja cha maziwa kwenye gurudumu, nikaliambia likae pembeni. Sasa niache, wamepiga kelele kule chini. Nadhani wamempata mwingine."